Baba wa Pale Nyumbani

Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka mingi, katika mahakama moja ya huku kwetu kati ya Kisii na Nyamira, na sitasema ipi. Katika miaka hiyo yote kulikuwa na mtu mmoja tu niliyetaka kumwona akifungwa. Wengine waliopita mbele yangu, wezi wa kuku, wapika chang'aa, ndugu waliokatana kwa ajili ya mpaka wa shamba, niliwatafsiria maneno yao kisha nikaenda zangu nyumbani kupika. Huyu mmoja nilimwekea kinyongo. Nilikilea kinyongo hicho kama mtu anavyolea ng'ombe wa maziwa, asubuhi na jioni.

Alikuwa mwakilishi wetu wa wadi. Siku tuliyomzika mama yangu, kule Birongo, alikuja bila kualikwa, na magari matatu na vijana waliokwisha kunywa. Akamnyang'anya mchungaji kipaza sauti. Hakutaja jina la mama hata mara moja, alitaja kura. Mpinzani wake naye alikuwepo, amekaa kimya kama watu wengine, na vijana wa huku wakawarukia vijana wa kule, viti vikarushwa, na jeneza la mama yangu likaanguka kutoka mezani, kifuniko kikafunguka. Mimi na dada yangu ndio tuliomrudisha ndani. Tulimfunga kitambaa kichwani upya, watu wakitutazama. Mheshimiwa alikuwa ameshaingia garini kitambo.

Hakutuma mtu kusema pole. Tulipoenda kuandikisha malalamiko kituo cha polisi tuliambiwa turudi kesho, na kesho yake tukaambiwa tuwe wapole, mheshimiwa ni mtu wetu. Tukawa wapole. Mimi nilikuwa mpole usoni tu.

Basi miaka ikapita, akapoteza kiti, akaanza kukitafuta tena kwa nguvu zaidi, na katika kukitafuta ndipo mambo yakamwendea mrama. Kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa Sironga, aliyekuwa na shamba la chai upande wa Itumbe, karibu na kiwanda. Mwalimu huyu alimpigia debe mgombea mwingine, tena alikuwa na mdomo. Jumamosi moja asubuhi, majirani zake wote wako kanisani kwa Sabato, yeye Mkatoliki amebaki nyumbani akipogoa migomba yake, kundi la vijana lilimwingilia shambani na mapanga mapya. Wakakata michai safu nzima nzima, na alipojaribu kuwazuia wakamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono wa chaki.

Vijana walikamatwa. Wakasema mapanga yalitoka nyumbani kwa mheshimiwa. Naye akakamatwa, na nchi yote ya huku ikacheka: huyo hawezi kufungwa, atatoka kabla ugali haujapoa.

Faili ilipofika kwetu, nilipaswa kwenda kwa hakimu nikamwambie, nina jambo na mtu huyu, tafuta mkalimani mwingine. Kanuni naijua, nimewahi kuwaeleza wageni kazini. Sikwenda. Mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, Ekegusii, lugha ya huku kwetu, kati ya watumishi wa korti nilikijua mimi peke yangu, na haki ya Mungu nilitaka kuwa kwenye chumba kile.

Hakimu wetu alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kutamanika, ambaye hakuwa na ndugu wala rafiki huku milimani. Siku ya kwanza mheshimiwa aliingia na kofia na kundi la wafuasi, na wakili wake akaomba apewe kiti kwa sababu mteja wake ni kiongozi na ana mgongo.

Hakimu akamtazama. "Asubuhi hii nimemsikiliza mzee aliyeiba mkungu wa ndizi," alisema. "Naye alikuwa na mgongo. Alisimama. Mshtakiwa avue kofia."

Akaivua. Nilijifanya napanga karatasi ili nisionekane nikitabasamu. Jambo lililonichekesha zaidi ni kwamba wafuasi wake walikuwa wakimwita yeye mheshimiwa, na sisi kortini tulimwita hakimu Mheshimiwa, kwa hiyo kila tulipotamka neno hilo yeye kule kizimbani aliinua kichwa, kisha akakumbuka.

Lakini hakimu yule alikuwa vilevile kwa pande zote mbili. Kiongozi wa mashtaka alipojaribu kuleta habari za mambo mengine ambayo mshtakiwa alisemekana kuyafanya zamani, hakimu alimkata kauli. Alisema huyu mtu ameletwa kwa ajili ya mapanga na mwalimu, si kwa ajili ya maisha yake yote, na hatahukumiwa kwa kuchukiwa. Niliyatafsiri maneno hayo kwa wale waliokaa nyuma. Kwani kuchukiwa kwake kulikuja bure?

Kesi ikasogea hadi ikabakia kwenye jambo moja: nani aliyewapa vijana mapanga. Vijana wenyewe walikuwa wameyapokea kwenye lango, wamelewa, kila mmoja akisema lake. Shahidi pekee aliyekuwa ndani ya boma asubuhi ile ni mtu mmoja wa miaka thelathini hivi, mchungaji wa ng'ombe wao. Alikuwa yatima, aliokotwa na familia ile akiwa mdogo, akakulia pale. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, kwa hiyo alitoa ushahidi kwa Ekegusii, nami nikawa ulimi wake.

Alisema aliamka, akakamua, akasikia makelele langoni. Alisema mapanga yalikuwa kwenye gunia stoo. Kiongozi wa mashtaka akamuuliza, nani aliyeyatoa stoo akawapa vijana?

Shahidi akatazama chini. Akajibu kwa neno moja, kwa sauti isiyofika benchi za nyuma. "Baba."

Nami nikasema, "Baba."

"Baba yupi?"

"Baba wa pale nyumbani," akasema shahidi, nami nikasema vivyo hivyo.

Hakimu akaandika. Akasema kwa sauti, kama alivyozoea kila anapoandika, "Baba wa nyumba hiyo, yaani mshtakiwa." Kiongozi wa mashtaka akakaa chini kama mtu aliyeshiba. Wakili wa utetezi, kijana kutoka Nairobi, alimhoji shahidi juu ya rangi ya gunia na umbali wa lango, akaambulia patupu. Mwishoni hakimu akamsomea shahidi maneno yake kwa Kiswahili ili ayathibitishe, taratibu, na alipofika pale pa baba shahidi akaitikia kwa kichwa. Kwa nini asiitikie? Alikuwa amesikia neno lake mwenyewe.

Mtu asiyekuwa wa huku hawezi kulijua hili. Kwa Kiswahili baba ni baba. Kwa Ekegusii baba ni mama. Aliyekuzaa, au aliyekulea, au mwanamke yeyote wa rika la mama yako unayemheshimu, unamwita baba. Mwanamume ndiye tata. Watoto wetu wakianza shule huchekwa na walimu wageni kwa sababu hiyo, na kila mkalimani wa Ekegusii hufundishwa neno hilo kabla ya mengine yote. Mimi nilikuwa nimelitafsiri mara elfu bila kujikwaa. Siku ile nililipitisha kama lilivyo, ghafi, na mpaka leo sijui kama ulimi uliteleza wenyewe au niliusukuma.

Tulipotoka kwa mapumziko ya mchana ndipo lilipopasuka kichwani mwangu. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda nyuma ya mahakama, nina sahani ya maharagwe mkononi. Yule mchungaji wa ng'ombe hakumtaja mheshimiwa. Alimtaja mama yake mheshimiwa, bibi mzee wa boma lile, aliyemlea. Na kwenye kitabu cha hakimu imeandikwa mshtakiwa, na bila neno hilo hakuna kitu kingine kinachomfunga.

Nikampigia dada yangu simu, akiwa dukani kwake Birongo. Nikamweleza.

"Kuna mtu mwingine amegundua?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

"Nimekula kiapo, mwenzangu."

"Wewe ulikula kiapo, yeye alikula nini? Ulimwona baba akiwa chini pale? Ulimwona, si tulikuwa wote? Nani alitutafsiria sisi siku ile?" Dada yangu huwa hapandishi sauti, na hakuipandisha. "Mungu amekuwekea mtu mkononi. Kula maharagwe yako urudi ndani."

Nikakubali. Nasema wazi, nilikubali, na nikala, na chakula kikapita vizuri. Nilijiambia kwamba wakubwa wangapi wametoka bure kwa makosa ya karatasi, kwa faili kupotea, kwa shahidi kuugua ghafla siku ya kesi. Acha mmoja aingie kwa kosa la karatasi. Itakuwa ni kusawazisha.

Halafu swali likanijia nikiwa naosha mikono. Yeye je? Mheshimiwa ni Mgusii halisi, Ekegusii anakijua kuliko mimi. Alikuwa kizimbani hatua nne kutoka kwa shahidi. Alisikia "baba" na akajua ni nani anayetajwa, kisha akamsikia hakimu akisema "yaani mshtakiwa," na hakufungua mdomo. Hata kumnong'oneza wakili wake hakumnong'oneza. Mtu gani huyo anayeona shimo linachimbwa kwa jina lake na akatulia?

Nilimpata kwenye benchi la nje, karibu na ukuta. Mama yake alikuwa amekaa kando yake, kibibi kilichokauka, na sweta ya kanisani na viatu vya raba. Alikuwa akitetemeka mikono. Mheshimiwa alimshikia kikombe cha chai, akawa anakipuliza kwanza, kisha anampelekea mdomoni, kisha anampangusa kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe. Hakuwa akifanya maonyesho. Wafuasi walikuwa wameenda kula.

Nikaelewa. Alikuwa amenyamaza ili mama yake asiguswe. Angefungwa, na bibi angebaki kwake na ng'ombe wake, na hakuna ambaye angejua.

Natamani niandike kwamba nilimhurumia. Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuiona tena. Eti naye ana mama. Eti naye anajua jinsi mama anavyoshikwa. Nilikuwa nimedhani namshika pabaya, kumbe nilikuwa naelekea kumpa kile alichokitaka. Na kama nataka kumuumiza, kumuumiza hasa, pale ambapo mimi niliumizwa, njia ilikuwa moja, na njia hiyo ndiyo ile ile ambayo kiapo changu kiliniagiza. Nilikaribia kucheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, haki na kisasi vilikuwa vinaelekea nyumba moja.

Tuliporudi ndani nilisimama kabla hakimu hajaita shahidi mwingine.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa kurekebisha tafsiri yangu ya asubuhi."

Kule kizimbani kichwa kile kiliinuka, na safari hii hakikushuka.

Nikaeleza. Nilisema polepole, kwa Kiswahili changu kilicho bora, kwamba katika Ekegusii neno baba lina maana ya mama, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Wageni wawili watatu walicheka. Wenyeji hawakucheka. Hakimu alivua miwani, akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, na shahidi akaitwa tena.

"Huyo aliyetoa mapanga," hakimu akasema, "ni mwanamume au mwanamke?"

Nikamtafsiria. Yule mchungaji wa ng'ombe akaanza kulia. Akasema mwanamke. Akaulizwa kama yumo chumbani, akageuka, akanyoosha mkono kuelekea benchi la mwisho, ambako kibibi alikuwa amekaa na mfuko wake mapajani, asielewe Kiswahili hata neno, akishangaa kwa nini watu wote wamemgeukia.

Mimi sikumtazama bibi. Nilimtazama mwanawe. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu, na akanitazama moja kwa moja, na nikajua amenikumbuka mimi ni nani na ni mtoto wa nani. Sikuyakwepa macho yake. Nilifurahi mpaka vidole vya miguu.

Hakimu akanishukuru mbele ya watu. Alisema kosa la lugha lingeweza kumfunga mtu bila haki, na kwamba mahakama inahitaji watumishi wa aina yangu. Kisha akaandika kwamba kwa sasa hakuna ushahidi uliobaki wa kumhusisha mshtakiwa na mapanga. Kiongozi wa mashtaka akasimama haraka, akaomba yule bibi asiruhusiwe kuondoka, ahojiwe, na huenda mashtaka yakafunguliwa dhidi yake leo leo. Askari wa kike akasogea hadi benchi la mwisho, akasimama kando yake. Bibi akasogea kidogo ili ampishe nafasi akae.

"Mheshimiwa, naomba niseme."

Alikuwa yeye, kutoka kizimbani. Wakili wake akageuka kumkataza, naye akamfanyia ishara ya mkono, anyamaze.

"Nabadilisha jibu langu," akasema. "Nakubali kosa."

Chumba kikavuma. Hakimu akagonga meza, akangoja. Kisha akafanya kila kitu ambacho sheria inamtaka afanye, na alikifanya bila pupa. Akamwambia hana haja ya kusema hivyo, kwamba ushahidi umepungua na siyo kuongezeka. Akampa muda wa kuongea na wakili. Akamuuliza kama ametishwa, au ameahidiwa kitu. Akamuuliza mara tatu.

"Ni mimi niliyeagiza," akasema kila mara. "Mama aliambiwa kwamba ni mapanga ya kukata nyasi za ng'ombe. Hakujua lolote. Aachwe aende nyumbani."

Basi hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kwa hiari yake. Akafuta dhamana, akapanga siku ya kutoa adhabu, akaagiza apelekwe rumande. Wafuasi wakamfuata mlangoni wakipiga kelele, na katika kelele hizo nilisikia mwanamke mmoja akisema, huyu ndiye mwana, anaenda jela kwa ajili ya mama yake. Neno hilo lilinipasua. Nilitaka atoke pale akizomewa. Alikuwa anatoka akililiwa, na mimi ndiye niliyemfanyia hivyo.

Chumba kikabaki kitupu. Hakimu alikuwa bado anaandika. Akainua macho akamwona kibibi peke yake kwenye benchi la mwisho, na askari kule mlangoni, na akaniambia kwa upole, "Mweleze mama huyu kilichotokea. Ana haki ya kuelewa."

Nikaenda nikainama mbele yake. Nikamwita baba, kama desturi inavyotaka, kwa sababu hakuna neno lingine la kumwitia mwanamke wa umri ule. Nikamwambia kwamba mwanawe amekubali kwamba yeye ndiye aliyewaagiza wale vijana, na kwamba hatarudi naye nyumbani leo.

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, unatetemeka.

"Ameagiza nini, mwanangu?" akasema kwa Ekegusii, polepole, kama mtu anayemrekebisha mtoto. "Yeye alikuwa Kisii tangu Ijumaa. Hakujua. Yule mwalimu alimtusi mwanangu sokoni mbele ya watu, nami nikakasirika, nikawaita wale vijana nikawapa mapanga, nikawaambia wakate chai yake. Sikuwaambia wamkate mtu. Yeye aliporudi alinigombeza mpaka nikalia. Waambie. Wewe unajua lugha yao, waambie."

Nilibaki nimeinama. Nilikuwa nasikia kalamu ya hakimu nyuma yangu, kisha ikanyamaza.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Nikanyooka. Bibi alikuwa bado ameshika mkono wangu, ananitazama kwa imani yote.

"Anasema ameelewa, Mheshimiwa."

Akaandika.